Mkunjo Uliokwenda Kombo: Prusiner, Prioni na Deni la Msomi wa Kiswahili

Imekuwa ada katika makongamano ya Kiswahili kuuliza iwapo lugha hii inaweza kubeba sayansi. Swali hilo limeulizwa hata limechakaa, na kila linapoulizwa wazungumzaji hugawika katika kambi mbili zile zile. Kambi ya kwanza huorodhesha istilahi zinazokosekana. Kambi ya pili huorodhesha istilahi zilizokwisha kuundwa. Kisha watu huenda kunywa chai. Makala haya yanashikilia kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya. La kuulizwa ni nani anayeumia pindi wasomi wa Kiswahili wanapochelewa. Ili kulibainisha hilo, itatazamwa kazi ya mwanabiokemia mmoja wa Marekani, Stanley Prusiner. Kwa mtazamo wa haraka kazi hiyo haina uhusiano wowote na Idara ya Kiswahili. Ikichunguzwa kwa makini, hata hivyo, inagusa mambo ambayo mwanafunzi wa lugha na fasihi huyashughulikia kila siku: jina, umbo na maana. Zaidi ya hayo, inagusa uhai wa wazee.

Prusiner alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, akasomea kemia na udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1972, akiwa daktari mwanagenzi wa magonjwa ya neva katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alikabidhiwa mgonjwa wa kike ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimpotea na kazi ndogo za kila siku zikimshinda. Wakubwa wake walimweleza kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, na kwamba ulidhaniwa kuletwa na kirusi kitendacho kazi polepole. Lililomshangaza ni kwamba mwili wa mgonjwa haukuonyesha dalili yoyote ya kupigana na adui. Ubongo ulikuwa ukiangamia ilhali kinga ya mwili imelala. Mgonjwa yule alikufa, na daktari kijana akabaki na swali.

Swali hilo lilikuwa na mizizi mirefu. Kondoo wa Ulaya walikuwa wamejulikana kwa karne nyingi kupatwa na ugonjwa unaowafanya wajikune kwenye nyua hadi manyoya yakatoka, kisha wakayumba na kufa. Mwaka 1967 mwanasayansi Tikvah Alper, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Uingereza baada ya kuupinga utawala wa ubaguzi wa rangi, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kisababishi cha ugonjwa huo kilistahimili mionzi ambayo ingeharibu asidi nukliki ya kirusi chochote kilichojulikana. Hili lilikuwa fumbo kubwa, kwani kila kiambukizi kilichofahamika, kiwe bakteria au kirusi, kilibeba asidi nukliki, ambayo ndiyo maandishi ya urithi. Mwaka huo huo mwanahisabati J. S. Griffith aliandika kwamba huenda protini peke yake ikatosha kueneza ugonjwa. Wengi waliliona wazo hilo kuwa uzushi.

Prusiner aliianza kazi hiyo katika maabara yake mwenyewe mwaka 1974. Alijaribu kukichuja kisababishi hicho hadi kibaki peke yake, na akahama kutoka panya kwenda hamsta, kwa sababu ugonjwa hujitokeza mapema zaidi katika ubongo wa hamsta. Katikati ya safari mfadhili wake mmoja mkubwa alijiondoa, na chuo kikasita kumpa ajira ya kudumu. Hakukata tamaa. Mnamo Aprili 1982 alichapisha katika jarida la Science makala iliyodai kwamba kisababishi ni protini, na katika makala hiyo akakipa jina jipya: prioni. Neno hilo alilifinyanga kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, moja likiwa na maana ya protini na la pili maambukizo, kisha akazipanga upya herufi ili litamkike vizuri.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kutega sikio. Baadhi ya waliomkosoa Prusiner hawakukasirishwa na majaribio yake pekee, bali na kitendo chake cha kutoa jina. Walisema amekipa jina kitu ambacho bado hakijathibitishwa, na kwamba alikuwa akitafuta sifa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa jina linaweza kutangulia ushahidi na kuwapumbaza watu. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba jina hilo lilifanya kazi ambayo sentensi ndefu ya maelezo isingeifanya. Kabla ya 1982 palikuwa na fumbo. Baada ya 1982 palikuwa na kitu kinachoweza kutafutwa, kupingwa na kupimwa. Miaka michache baadaye ilibainika kwamba jeni inayotengeneza protini hiyo imo katika miili ya wanyama wenyewe, wazima kwa wagonjwa. Mwaka 1993 kundi la Charles Weissmann lilionyesha kwamba panya walioondolewa jeni hiyo hawaugui hata wakidungwa prioni. Mwaka 1997 Prusiner alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba, akiwa peke yake.

Je, protini hiyo hufanya nini? Protini ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, na mnyororo huo haufanyi kazi ukiwa umenyooka. Sharti ujikunje na kupata umbo lake maalumu. Christian Anfinsen, mwanabiokemia mwingine wa Marekani, alilithibitisha hilo kwa kimeng'enya chenye asidi amino 124. Alikikunjua kwa kemikali hadi kikapoteza uwezo wake, kisha akaziondoa kemikali hizo, na kimeng'enya kikajikunja tena chenyewe na kurudia kazi yake. Maagizo ya mkunjo yalikuwa ndani ya mnyororo. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972, mwaka ule ule Prusiner alipokutana na mgonjwa wake.

Prioni ni upande wa pili wa habari hiyo. Ni protini ambayo mnyororo wake ni ule ule wa protini nzima, lakini mkunjo wake umekwenda kombo. Inapoigusa protini nzima ya aina yake, huivuta nayo ikapinda vivyo hivyo. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, hatimaye protini hizo hugandamana na seli za neva hufa, hata ubongo ukitazamwa kwa hadubini huonekana umetoboka mithili ya sifongo. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji maabara ili kuielewa dhana ya kitu kimoja chenye hali mbili. Anajua kwamba neno *paa* lina herufi zile zile liwapo mnyama wa porini, liwapo sehemu ya juu ya nyumba na liwapo kitendo cha ndege angani. Tofauti ni kwamba neno hupata maana kutokana na muktadha, ilhali protini huipata kutokana na umbo.

Yafaa pia kutazama jinsi Kiswahili kilivyo tayari kuyasema haya. Mzizi *kunj-* pekee unazaa *kunja, kunjua, kunjika, kunjuka, kunjamana, mkunjo* na *mkunjuo*. Irabu moja tu inageuza kitendo kuwa kinyume chake: kilichokunjwa kikakunjuliwa. Jaribio zima la Anfinsen linaweza kusimuliwa kwa mnyambuliko wa kitenzi kimoja ambacho kila mama anayepanga nguo na kila mvuvi anayefunga tanga anakijua. Kinachohitajika ni kuongeza *mkunjo kombo* kwa hali ya protini iliyopinda vibaya, na *kugandamana* kwa hatua ya kushikana kuwa bonge. Hata ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, iliyozoeleka katika insha za malezi, inapata matumizi mapya hapa. Protini changa hukunjika kwa urahisi. Zilizokwisha kugandamana kwa mkunjo kombo ni kama ng'onda, hazikunjuki. Prioni hustahimili joto na dawa ambazo huua vijidudu vya kawaida, na hii ndiyo sababu vyombo vya upasuaji vilivyogusa ubongo wenye ugonjwa huo huhitaji usafishaji wa pekee. Anayedai kwamba Kiswahili ni maskini wa dhana hizi hajaupekua mfuko wa lugha yake.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ajishughulishe na ugonjwa adimu wa kondoo na wa watu wachache. Jibu ni kwamba mkunjo kombo haukuishia hapo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza alichokiona katika ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepoteza kumbukumbu: madoa ya utando nje ya seli na nyuzi zilizotatizana ndani yake. Mwaka 1984 protini ya madoa hayo, iitwayo amiloidi beta, ilitambuliwa na George Glenner na Caine Wong. Nyuzi zile nazo ni za protini iitwayo tau. Mwaka 1997 protini nyingine, alfa-sinukleini, ilihusishwa na ugonjwa wa Parkinson unaoleta mtetemeko. Magonjwa haya hayafanani na ule wa Creutzfeldt-Jakob katika kila jambo, na wanasayansi wangali wanabishana kuhusu kadiri yanavyostahili kuitwa ya prioni. Mtu anayemwuguza mzee mwenye Alzheimer haambukizwi kwa kumlisha wala kumwogesha. Hata hivyo, picha kuu ni moja: protini za mwili wenyewe hupoteza umbo, hugandamana, na seli za neva hufa pole pole. Dawa zinazoondoa amiloidi ubongoni zimeanza kuidhinishwa Marekani, lekanemabu mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi. Haziurudishi ubongo ulivyokuwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na magonjwa ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu kwa namna hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Baadhi yao, bila shaka, wamo katika boma na mitaa ya Kenya.

Sasa na itazamwe nchi nyingine, Papua New Guinea, ambako historia ya prioni ilipata sura yake ya kusikitisha zaidi. Katika nyanda za juu za mashariki waliishi Wafore, ambao kufikia miaka ya 1950 walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kutetemeka na kushindwa kusimama. Waliuita kuru, neno la lugha yao lenye maana ya kutetemeka. Waathiriwa wengi walikuwa wanawake na watoto. Daktari Vincent Zigas na mtafiti Carleton Gajdusek waliuchunguza ugonjwa huo kuanzia 1957. Miaka ya 1960 Gajdusek na wenzake walionyesha kwamba unaweza kuhamishiwa sokwe, na mwaka 1976 akapata Tuzo ya Nobel. Wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walichangia kuonyesha njia ya maambukizo: desturi ya matanga ambapo jamaa walimla marehemu wao kwa heshima, wanawake na watoto wakipata ubongo. Desturi ilikoma, na kuru ikapungua hadi ikatoweka.

Lakini je, Wafore wenyewe walieleza vipi vifo hivyo? Walisema ni uchawi. Washukiwa walisakwa, na baadhi yao wakauawa. Ni rahisi kwa msomi wa leo kuwacheka, ila kuwacheka ni kukosa kuelewa. Wafore walikuwa na jina la dalili, yaani kutetemeka, lakini hawakuwa na jina la kisababishi. Pengo hilo lilidai kujazwa, na katika msamiati wao neno lililokuwa karibu zaidi lilikuwa uchawi. Madaktari wa Ulaya na Marekani nao walijaza pengo lilo hilo kwa neno lililokuwa karibu nao, yaani kirusi cha polepole, na wao pia walikosea. Tofauti ni kwamba kosa la madaktari halikumtuma mtu kwa jirani yake akiwa na silaha mkononi.

Kutoka kwa Wafore hadi Kenya si mbali kama inavyodhaniwa. Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11, wengi wao wakongwe, waliteketezwa kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hiyo hiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka, hata kukawa na makimbilio katika Kaya Godoma kwa wale waliofukuzwa na jamaa zao. Makala haya hayadai kwamba kila mzee aliyetuhumiwa alikuwa mgonjwa. Wengine wana akili timamu kabisa, na kosa lao pekee ni kuwa na shamba ambalo vijana wanalitamani. Lakini na yatazamwe mambo ambayo kijijini huchukuliwa kuwa ushahidi: bibi amekutwa nje usiku wa manane na hajui alikotoka, babu anazungumza na mtu asiyeonekana, mzee ameingia boma la jirani akidhani ni kwake, nyanya hamtambui mwanawe na anamwita kwa jina la marehemu. Daktari akizisikia habari hizo ataziandika kama dalili. Umati ukizisikia huzisoma kama hukumu.

Yapo pingamizi. La kwanza ni kwamba anayetaka ardhi ya babake hatazuiwa na istilahi. Hilo ni kweli, lakini mrithi mwenye tamaa hahitaji kuwa na umati nyuma yake ila kwa sababu umati unaamini. Akiwapo hata jirani mmoja, muuguzi au mzee wa mtaa anayeweza kusema kwa lugha inayoeleweka kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo na unajulikana, umati hupoteza sababu yake. Pingamizi la pili ni kwamba kazi hii ni ya madaktari. Madaktari, hata hivyo, husomeshwa kwa Kiingereza, na wengi wao wakifika kwa mgonjwa hukwama katika kutafsiri. Pingamizi la tatu ni kwamba kamusi zimo. Ni kweli, na waliozitunga wanastahili pongezi: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Tatizo ni kwamba kamusi haiendi barazani kwa miguu yake.

Neno UKIMWI ni shahidi. Neno hilo liliundwa kwa kufupisha maelezo ya ugonjwa, lakini halikuenea kwa sababu lilichapwa katika orodha. Lilienea kwa sababu lilitiwa katika nyimbo, michezo ya kuigiza, mahubiri, matangazo ya redio na riwaya. *Ua la Faraja* ya William Mkufya, iliyochapishwa mwaka 2004, ni mfano mmoja. Kabla ya neno hilo kuzoeleka, walikuwapo waliosema marehemu alirogwa. Fasihi haikutengeneza dawa, ila ilisaidia kuubadilisha msamiati wa matanga.

Hii ndiyo kazi inayosubiri kufanywa kwa magonjwa ya uzeeni. Kwanza, yapimwe majina yaliyopo. *Usahaulifu* ni jepesi mno, kwa kuwa kila mtu husahau funguo. *Wazimu* na *kichaa* ni mazito mno na yamebeba kejeli. Kiswahili kilikosea pale kilipopokea kwa urahisi jina la kichaa cha ng'ombe, ugonjwa wa prioni uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, kana kwamba mnyama yule alikuwa na tabia mbaya. Usemi wa kwamba mzee amerudi utotoni una huruma, lakini unauficha ugonjwa. *Mmomonyoko wa kumbukumbu* huenda ukafaa zaidi, kwani unaonyesha jambo linaloanza kidogo, linaloendelea pole pole, na lisilo kosa la shamba linalomomonyoka. Wengine watapendekeza bora kuliko hili, na waalikwe wafanye hivyo.

Pili, kila istilahi ifuatane na maelezo ya ukurasa mmoja yanayoweza kusomwa kwa sauti katika baraza la chifu bila mtu kusinzia. Tatu, wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada za tasnifu wazitazame jamii za pwani na za Gusii, wakusanye maneno ambayo wazee hutumia kuielezea hali hii, kwani huenda jina bora tayari limo katika Kigiriama au Ekegusii, likingoja kukopwa. Nne, wanaoandika tamthilia na hadithi fupi wamwangalie upya yule ajuza wa kijijini ambaye fasihi imemtumia mara nyingi kama mchawi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo haina faida kwa mtu asiyeweza kuelezwa ugonjwa wa mama yake kwa lugha hiyo.

Prusiner alichukua miaka minane kutoka kuanzisha maabara hadi kutoa jina, na miaka 15 zaidi hadi jina hilo kutukuzwa. Msomi wa Kiswahili hatakiwi kusubiri muda huo, kwa sababu kazi ngumu ya maabara imekwisha kufanywa na wengine. Kongamano lijalo litakapofika kwenye kikao cha istilahi, kila mjumbe na alete ukurasa wake mmoja: jina moja la ugonjwa, maelezo yake kwa Kiswahili fasaha, na idadi ya watu wa kijijini kwao aliokwisha kuwasomea. Chai inaweza kungoja.